Mafuta ya Mimea: Neema au Dhulma?

 

Ndugu zangu Waislamu, usiku mmoja baada ya darsa ya Ishaa alinifuata kijana dereva wa gari la abiria, ambaye baba yake nilimsomesha chuoni. Akaniamkia, akaketi, akaniuliza: "Maalim, nasikia kuwa katika nchi nyingi siku hizi petroli huchanganywa na spiriti itokayo katika miwa na mahindi. Na spiriti ni ulevi. Basi ikinirukia kanzuni, nasali nayo au nabadilisha?"

Nilimwambia kuwa lililo mashuhuri katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii ni kwamba kila kinywaji kileweshacho ni najisi, na kwamba wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana juu ya spiriti za viwandani zisizonywewa. Basi mwenye kutaka salama ya dini yake na aoshe, kwani maji si ghali. Akanishukuru, akaenda zake.

Lakini mimi usiku ule sikulala vizuri. Nilijiona nimejibu juu ya tone la kanzuni, na juu ya shamba lililotoa tone hilo yeye hakuuliza wala mimi sikusema. Na katika jambo hili la mafuta ya mimea mimi nina deni langu mwenyewe, deni nililolibeba miaka mingi bila ya kulitaja hadharani. Leo nimeazimia kulitaja, pengine msomaji atapata funzo, nami nitapata wepesi mbele ya Mola wangu.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Mafuta ya ardhini, yaani petroli, dizeli na mafuta ya taa, pamoja na gesi na makaa ya mawe, ni mabaki ya viumbe vilivyofukiwa chini tangu dahari. Mafuta ya mimea ni yale yatokayo katika vitu viotavyo leo: spiriti ya miwa na ya mahindi, ambayo huingia katika petroli, na mafuta ya michikichi, ya soya na ya mbono, ambayo huingia katika dizeli. Wala fikira hii si mpya. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ya namna ile aliyoivumbua Rudolf Diesel ilionyeshwa watu ikienda kwa mafuta ya karanga.

Na sisi watu wa pwani tuistaajabie kwa lipi? Bibi zetu wamepikia makumbi na vifuu, wamewasha kuni za mikoko, na mpaka leo majiko mengi ya mijini yanakwenda kwa mkaa. Hayo yote ni moto wa mimea. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura Yasin kuwa ni Yeye atutoleaye moto katika mti mbichi, na katika Sura ya Waqia anatuuliza kama ni sisi tuliouotesha mti wa moto huo au ni Yeye. Basi asili ya moto wa mti ni neema, na mwenye kuidharau neema hiyo amekosa adabu.

Tena watu wanaoyakimbia mafuta ya ardhini wana sababu za haki. Tukichoma mafuta hayo, hewa ya ukaa iliyokuwa imefungiwa chini kwa mamilioni ya miaka tunaifungulia yote kwa mara moja, na dunia inazidi joto. Wavuvi wetu wameliona hili bila ya kusoma kitabu: mwaka 1998 bahari ilipata joto, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe, yakafa, na samaki wakahama. Lamu walipangiwa mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe. Wenyeji wakashitaki, na mwezi wa Juni mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira likaifuta ruhusa yake. Na ghali ya mafuta nayo tunaijua. Bei ilipopanda mwaka 1973, na tena mwaka 1979, nchi zetu zilitikisika, na sisi tuliokuwa vijana twakumbuka foleni za mafuta na magari kukatazwa kutembea Jumapili mchana.

Basi wakaja wenye kusema: mmea unapokua huvuta hewa ile ile itakayotolewa ukichomwa, hivyo moto wake hauongezi kitu, tena mkulima wa Afrika atauza mafuta badala ya kuyanunua. Ni maneno matamu, na ndani yake mna kweli. Nami nilikuwa miongoni mwa walioyapokea.

Mwaka 2007 walifika wageni wa kampuni moja katika kijiji kimoja cha mrima, kijiji cha wajomba zangu, ambacho sitakitaja jina. Walikuja kutaka ardhi ya kupanda mbono, ule tuuitao mbono kaburi. Mti huu kila mtu anaujua. Asili yake ni Amerika, lakini umekaa kwetu miaka mingi, na wazee waliupanda kuwa ua wa mabanda na alama ya makaburi, kwa kuwa haufi upesi na mbuzi haugusi. Mbegu yake ina mafuta mengi, kiasi cha theluthi ya uzito wake, nayo huwaka vizuri. Ulimwenguni kote wakati ule ulikuwa ukisifiwa: unaota jangwani, hautaki maji, hautaki mbolea, hauchukui nafasi ya chakula.

Wageni walisema kwa upole. Waliahidi kazi kwa vijana, kisima, zahanati na barabara. Wazee wa kijiji walisitasita, kwani ardhi iliyotakwa ilikuwa pori lao la akiba. Ndipo mwenyekiti alipotuma watu mjini waniite, akisema: "Watu wanamsikia Maalim." Nikaenda. Nikapewa kiti cha mbele, nikaombwa nifungue kwa dua na niseme maneno mawili.

Nilisema zaidi ya mawili. Niliwakumbusha ile hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) juu ya Mwislamu apandaye mti, kwamba kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa kwake kuwa sadaka. Nikasema, tazameni, ndugu zangu, hawa wanataka kupanda miti elfu na maelfu. Haya ni maendeleo, na dini haipingi maendeleo. Watu wakaitikia amina. Baada ya siku chache muhtasari ukatiwa saini.

Ndugu msomaji, sikupewa rushwa. Nilipewa wali na nyama kama mgeni yeyote. Lakini nilisema katika jambo nisilolijua, nikalivika joho la hadithi, na watu wakaliamini joho.

Mwaka uliofuata pori likafyekwa. Vijana walipata vibarua, nao walifurahi, na mimi niliposikia nilifurahi. Lakini mbono uliopandwa haukuzaa kama ulivyosifiwa. Ni kweli kuwa mti ule huishi katika ardhi mbaya na ukame. Lakini kuishi si kuzaa! Ukitaka uzae sana wataka maji na ardhi nzuri kama mmea mwingine wowote, na kuchuma mbegu zake ni kazi ya mkono, kwani haziivi kwa pamoja. Mbegu kilo 4 hivi ndizo hutoa lita 1 ya mafuta. Hesabu ikakataa. Fedha za kampuni zikakauka, mwaka 2011 wageni wakafunga milango, na vijana wakarudi nyumbani na mishahara wanayodai. Kisima kilichimbwa nusu.

Siku moja nilikwenda kuzuru kaburi la mjomba wangu. Njiani nikakutana na bibi mmoja mtu mzima, ana ukoo na mama yangu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye Maalim uliyetuombea dua siku ile?"

"Ndimi, mama."

"Basi nataka kukuuliza neno la dini, maana mimi sikusoma. Ulisema mti ukiliwa na ndege au mnyama au mtu ni sadaka. Huu mbono, mwanangu, mbuzi hali majani yake, ndege hali kunde zake, na mwaka juzi wajukuu zangu wawili walikula mbegu wakatapika usiku kucha. Sadaka yake anaipata nani?"

Wallahi, sikuwa na jibu. Nimesoma vitabu tangu utoto, na bibi asiyejua kusoma alinifunga mdomo kwa hadithi niliyoileta mimi mwenyewe!

Kisha akanihesabia kilichokuwemo katika pori lile. Mle walichimba ming'oko mwaka wa njaa. Mle waliokota kuni na kukata fito za kujengea, walichuma dawa za watoto, na walipitia kwenda kisimani. Kwenye karatasi ya wageni pori lile liliitwa ardhi isiyotumika. Kwa bibi yule lilikuwa ghala, duka la dawa na stoo ya kuni, vyote bila ya kufuli. Fidia ililipwa kwa waliokuwa na minazi na mikorosho. Yeye hakuwa na mti wa kuhesabiwa, basi hakupata kitu.

Nikamwuliza: "Wageni wamekwenda. Ardhi haikurudi?"

Akasema: "Ingerudi, ningekuuliza wewe?"

Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta watu wa sheria wanifahamishe. Katika Tanzania, kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, mgeni hapewi ardhi ya kijiji hivi hivi. Ni lazima kwanza ardhi ile itolewe katika milki ya kijiji na kuingizwa katika ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali, ndipo akodishiwe mwekezaji. Na ikishatoka, mwekezaji akifilisika hairudi kijijini kwa nafsi yake. Watu walidhani wanakodisha. Kumbe walikuwa wakitoa. Nami niliwaombea dua juu ya jambo hilo.

Wala kijiji kile hakikuwa peke yake. Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, kampuni ya Uingereza ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji kwa ajili ya mbono, na mwaka 2011 kazi ikasimama. Kilwa ilikuja kampuni ya Uholanzi, nayo ikapata ardhi kubwa zaidi, penye msitu wa miti ya thamani, na haikudumu hata miaka mingi. Upande wa Kenya, katika msitu wa Dakatcha ulio nyuma ya Malindi, palikuwa na mpango wa kupanda mbono hekta 50,000. Wenyeji pamoja na wenye kulinda msitu na ndege wake wakaupinga mpaka usitimie. Mti ni ule ule, sifa ni zile zile, na mwisho wake ulishabihiana.

Tuyaache ya mbono, tuyatazame ya chakula, kwani huko ndiko penye uzito zaidi. Marekani ilitunga sheria mwaka 2005, ikaipanua mwaka 2007, ya kulazimisha mafuta ya mimea kuchanganywa katika mafuta ya magari. Leo zaidi ya theluthi ya mahindi ya nchi ile, nchi inayolima mahindi kuliko zote, huingia katika viwanda vya spiriti. Tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa chuoni aiweza. Gunia la mahindi la kilo 100 hutoa spiriti kiasi cha lita 40. Spiriti haina nguvu kama petroli; lita 40 zake ni kama lita 27 za petroli. Gari kubwa la kifahari likipewa kiasi hicho litoke Dar es Salaam kwenda Tanga, huenda lisifike. Na gunia hilo hilo, katika nyumba ya watu 5, kila mmoja akila nusu kilo kwa siku, hulisha siku 40. Ni kweli, na haki yataka isemwe, kuwa makapi ya mahindi yale hubaki yakalisha ng'ombe. Lakini sima ya siku 40 imekwisha katika safari moja ya asubuhi.

Mwaka 2007 na 2008 bei ya chakula ilipanda dunia nzima. Mwezi wa Januari mwaka 2007 maelfu ya watu waliandamana Mexico kwa sababu ya bei ya mkate wao wa mahindi. Sababu zilikuwa nyingi: ukame, ghali ya mafuta, na walanguzi, lakini wajuzi wengi waliihesabu na hii ya kugeuza nafaka kuwa mafuta. Jean Ziegler, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa juu ya haki ya chakula, alisema mwezi wa Oktoba mwaka huo kuwa kufanya hivyo ni jinai juu ya wanadamu, akataka jambo lisimamishwe miaka 5. Naye si Mwislamu, wala hakusoma fiqhi yetu. Sisi tuliofundishwa na Mtume (S.A.W.) kuwa hana imani kamili ashibaye na jirani yake ubavuni ana njaa, tulikuwa wapi?

Na ndugu zetu wa Indonesia wana mtihani wao wa michikichi. Serikali yao imeagiza dizeli ichanganywe na mafuta ya mawese kwa kiasi kikubwa, na wakulima wengi wadogo wamepata riziki humo. Lakini misitu mingi imekatwa kwa ajili ya mashamba ya michikichi, na ardhi yenye mboji nzito imekaushwa. Mwaka 2015 ardhi hiyo iliwaka miezi, moshi wake ukafunika mpaka nchi za jirani. Mafuta yaliyokusudiwa kuisafisha hewa, shamba lake likaichafua hewa. Huku ni kuziba pakacha.

Je, tuseme basi kuwa mafuta ya mimea yote ni haramu na ubatili? Hasha. Mwenye kukosea upande mmoja asikimbilie kukosea upande wa pili.

Brazil ilianza mpango wake wa spiriti ya miwa mwaka 1975, baada ya ile ghali ya kwanza, na leo petroli yao ina spiriti zaidi ya robo. Muwa hutoa mafuta mengi kuliko mahindi kwa shamba moja, na makapi yake yenyewe ndiyo yanayochomwa kuendesha kiwanda. Kenya nayo, kati ya mwaka 1983 na 1993, ilichanganya petroli na spiriti ya molasi, yaani yale maji mazito meusi yanayobaki sukari ikishatolewa. Wilayani Monduli wanawake wamekusanya mbegu za mbono wa uani, mti uliopandwa kuzuia mifugo na usioondoa chakula cha mtu, wakakamua mafuta wakatengeneza sabuni. Na hapa kwetu Tanga kuna mfano niupendao kuliko yote. Jani la mkonge, nyuzi zake ni kama sehemu 4 tu katika 100. Zilizobaki zote zilikuwa zikitupwa zikioza na kunuka. Mwaka 2008 huko Hale ulizinduliwa mtambo wa kutoa gesi katika mabaki hayo, na gesi ikazalisha umeme.

Tazama, ndugu msomaji, tofauti iliyopo. Molasi, makapi ya muwa, mabaki ya mkonge, samadi ya ng'ombe, mafuta yaliyokwisha kukaangia, makumbi na vifuu vya bibi zetu: vyote hivi ni vilivyobaki baada ya watu kula na kuvaa. Moto wake haukumnyima mtu kitu. Lakini mahindi yaliyoondolewa mezani, na pori lililoondolewa mikononi mwa bibi yangu yule, moto wake umewashwa kwa haki ya mtu mwingine. Na mkaa wetu wa mijini nao tusiusahau: ukitoka katika miti iliyopandwa na kukatwa kwa mpango ni neema; ukitoka katika msitu unaofyekwa bila ya kupandwa, na sisi tumo katika dhulma hiyo hiyo, ila tu hatuna gari.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu wameshirikiana katika vitu vitatu, navyo ni maji, malisho na moto. Nimeisomesha hadithi hii zaidi ya miaka 30, na nilidhani moto uliotajwa ni kumpa jirani kaa la kuwashia jiko. Sasa naona tazama, vitu vitatu vile vinakutana katika shamba moja la mafuta! Shamba hilo litataka maji, litachukua malisho, ili litoe moto. Basi akijitokeza mtu kesho kijijini kwako na habari za mafuta ya mimea, au za mradi wowote wa nguvu za kuendeshea mitambo, usikimbilie kuitikia amina kama nilivyowakimbiza mimi wenzangu. Muulize kwanza: maji utayatoa wapi? Waliokuwa wakilisha, wakilima na kuokota humo watakwenda wapi? Moto wenyewe tutaupata na sisi, au utapakiwa melini wote? Na wewe ukishindwa ukenda zako, ardhi itarudi kwa nani, na imeandikwa wapi? Asiyeweza kujibu haya manne, hata awe na nia njema, hajawa tayari. Kwani ni kanuni ya dini yetu kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana, na tumetahadharishwa kuwa achukuaye shibiri moja ya ardhi ya mtu kwa dhulma atavishwa shingoni Siku ya Kiyama ardhi saba. Hekta 8,000 zina shibiri ngapi?

Tena liko neno kubwa kuliko hilo, na linatuhusu sisi majumbani. Wajuzi wanasema kuwa mmea hukamata chini ya sehemu 1 katika 100 ya nguvu ya jua liupigalo, na kioo cha sola cha leo hukamata kama sehemu 20. Basi kwa taa na mashine, jua liko wazi na halimfukuzi mtu shambani kwake iwapo kioo kimewekwa paani. Mafuta ya mimea hayatatosha kujaza matangi yote ya dunia hata tukilima mpaka makaburini. Wala hapana mafuta yatakayotosha, yawe ya chini au ya juu ya ardhi, maadamu tunaishi kwa israfu. Mwenyezi Mungu ametuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu, na katika Sura ya Rahmani ametutajia mizani aliyoiweka, akatukataza kuipunja. Nasi twaona harusi ya mtaa mmoja ikiongozana magari ishirini kwenda hatua mia tatu. Twaona taa za misikiti yetu zikiwaka mchana kutwa. Mwenye ndoo inayovuja asilaumu kisima.

Namalizia na deni langu. Toba, kama tuwasomeshavyo watoto, ni kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutorudia. Na likiwamo haki ya mja, ni kumrudishia haki yake. Masharti matatu ya kwanza niliyatimiza kitandani mwangu, kwani ni mepesi. La nne lilinitaka nisafiri. Nikaenda kijijini Ijumaa moja, na baada ya sala nikasimama pale pale niliposimama mwaka 2007. Nikasema: "Ndugu zangu, siku ile nilikuleteeni hadithi ya Mtume mahali pasipo pake. Nilisema nisilolijua. Nakuombeni radhi, na yeyote aliyepoteza kwa neno langu anisamehe au anidai." Baadhi ya wazee walilia. Kijana mmoja alitoka nje bila ya kunipa mkono, nami simlaumu.

Tangu siku hiyo nimefuatana na wazee hao wilayani mara nyingi kuliko nilivyokwenda mahali popote pengine. Wengine wamerudi kulima pembeni mwa pori kwa ruhusa ya mdomo; hati bado haijarudi. Tunaendelea, na subira ni ibada.

Bibi yule alikuwepo Ijumaa ile, upande wa wanawake. Nilipotoka nikamkuta ameketi chini ya mwembe ananingojea. Nikamwuliza: "Mama, umeniwia radhi?"

Akanitazama kitambo, akasema: "Nimekuwia radhi, mwanangu. Maneno umeyarudisha. Sasa na pori lirudi."

Na yule dereva nimekwisha kumwita tena. Nimemwambia: kanzu yako ioshe, hilo ni dogo, lakini kila ukitia mafuta, ya ardhini au ya mimea, jiulize yametoka kwa nani, na wala usiyawashe bure.

Ewe Mola wetu, turuzuku moto usio na dhulma na shibe isiyo na njaa ya jirani, na utusamehe tuliyoyasema bila ya kuyajua. Wabillahi tawfiq.